Mchango Usio na Pilau

Hebu tufanye hesabu ya haraka. Tangu mwaka huu uanze umeshachangia harusi ngapi? Sendofu ngapi? Kicheni pati ngapi? Hapa kwetu Vwawa mwezi ukipita bila kadi ya mchango, watu wanaulizana kulikoni. Kamati inakaa, mwenyekiti anafungua kikao, mweka hazina anasoma ahadi jina kwa jina (na wewe unajifanya unaangalia simu jina lako linapokaribia), na ndani ya miezi miwili mamilioni yanapatikana. Siku inafika, tunakula, tunacheza, tunapiga picha. Kesho yake ukumbi unafagiliwa na kamati inavunjwa.

Mwezi huu nataka tuongelee kamati ya aina nyingine, ile isiyovunjwa. Mchango wake hauna pilau wala keki, na anayechanga haitwi mbele kulishwa kipande. Ni mchango wa marafiki wa makumbusho ya sanaa.

Usigune kwanza! Najua ukisikia makumbusho unawaza mifupa ya kale na mikuki. Mimi nasema sanaa ya kisasa, michoro na vinyago vya watu ambao wengine bado tunapishana nao barabarani. Sehemu nyingi duniani kazi hizo zimetunzwa kwa sababu kuna kikundi cha watu kilichokubaliana kutoa kitu kila mwaka, awe tajiri au mwalimu wa shule. Historia ya vikundi hivyo ina mapenzi, ina ubishi wa mume na mke, na ina majonzi pia. Ndiyo maana nimeona inaifaa safu hii.

Kinamama watatu na mume mbishi

Tuanzie New York, mwaka 1929. Kinamama watatu, Abby Aldrich Rockefeller, Lillie Bliss na Mary Quinn Sullivan, walipenda sanaa mpya ambayo wakubwa wengi wa mji wao walikuwa wanaibeza. Wakaamua kuanzisha makumbusho yao, yale ambayo leo dunia inayaita MoMA. Yalifunguliwa tarehe 7 Novemba 1929 katika vyumba vya kupanga ghorofani, siku chache tu baada ya soko la hisa la Marekani kuporomoka. Fikiria, watu wanapoteza akiba zao, wao wanafungua mlango wa kuonyesha picha!

Sasa hapa ndipo penye utamu. Mume wa Abby, John D. Rockefeller Jr., alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi ile, lakini sanaa ya kisasa alikuwa haipendi kabisa. Ungedhani mke wa tajiri anaandika hundi tu mambo yanakwisha. Wapi! Ilibidi Abby awaendee watu wengine kutafuta fedha, kama mweka hazina yeyote wa kamati ya harusi. Hakuacha. Miaka ikaenda, na mume yule yule mbishi akaja kutoa ardhi na fedha. Bustani ya vinyago ya makumbusho hayo, yenye jina la Abby, ipo pale ilipokuwa nyumba yao. Akina baba, mnasikia?

Lillie Bliss yeye hakuolewa. Alipofariki mwaka 1931 aliacha wosia kwamba picha zake ziende kwenye makumbusho, ila kwa sharti: kwanza yapate mfuko wa fedha wa kuyasimamisha. Ni kama aliwaambia wenzake, picha mtazipata, lakini nionyesheni kwamba mtaendelea kuwepo. Watu wakachanga katikati ya hali ngumu ya uchumi, na mwaka 1934 sharti likatimia. Shika hapo, tutalihitaji sharti hilo mbele ya safari.

Nairobi: chama kwanza, jengo baadaye

Tusije tukasema hayo ni mambo ya Wamarekani. Jirani zetu wa Kenya wana historia yao ndefu. Mwaka 1909, Nairobi ikiwa bado mji mchanga, kikundi cha wazungu waliopenda kuchunguza wanyama, ndege na mimea kiliunda chama kilichoitwa East Africa and Uganda Natural History Society. Mwaka uliofuata wakapata makumbusho madogo ya kuweka vitu walivyokusanya. Humo ndimo yalimotoka makumbusho ya Coryndon yaliyofunguliwa mwaka 1930, ambayo baada ya uhuru yakawa Makumbusho ya Taifa. Unaona mpangilio? Watu walianza kukutana, jengo likafuata.

Kweli, kile kilikuwa chama cha enzi ya ukoloni, na hakuna haja ya kukipamba. Lakini mwaka 1971 kilizaliwa kingine, Kenya Museum Society, kwa kazi moja ya kuyasaidia makumbusho ya taifa. Mwanachama analipa ada yake ya mwaka na anayeweza anajitolea muda wake. Wanachapisha jarida lao, wanaandaa mihadhara na safari, na kinachopatikana kinakwenda kwenye miradi ya makumbusho. Kwa wapenzi wa sanaa wana onyesho la kila mwaka la kuuza kazi za wasanii kwa bei ya kumudu, pale pale kwenye jengo la makumbusho. Msanii anapata chake, makumbusho yanapata fungu, na wachumba wanaohamia nyumba ya kupanga wanatoka na picha iliyochorwa kwa mkono badala ya yale maua ya kuchapishwa kiwandani.

Makumbusho hayo yalifungwa mwaka 2005 kwa ukarabati mkubwa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, yakafunguliwa tena mwaka 2008. Ni jambo zuri sana. Lakini mfadhili mkubwa akishakujengea paa anapanda ndege anarudi kwao. Jumamosi asubuhi, nani anakuja kupanga picha ukutani na kuwakaribisha wageni? Ni mwanachama aliyelipa ada.

Joseph na Sheila

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Joseph Murumbi na mkewe Sheila. Murumbi alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Sheila alikuwa mkutubi kutoka Uingereza. Wapo wanandoa wanaounganishwa na watoto, wapo wanaounganishwa na biashara. Hawa waliunganishwa na kukusanya: vinyago, vitambaa, stempu, michoro na maelfu ya vitabu kuhusu Afrika. Mwaka 1972, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, Murumbi akaanzisha African Heritage, mahali pa kuonyesha na kuuza sanaa ya bara letu katikati ya Nairobi.

Katika miaka hiyo ya 1970 waliiuzia Serikali mkusanyiko wao pamoja na nyumba yao ya Muthaiga, kwa matumaini kwamba nyumba ile itakuwa kituo cha masomo ya Afrika. Kituo hakikuwa. Nyumba iliachwa ikachakaa, mwisho ikabomolewa. Murumbi alifariki mwaka 1990, Sheila akamfuata mwaka 2000.

Namshukuru Mungu vitu vyenyewe havikupotea vyote. Sehemu ipo Kenya National Archives, na sehemu nyingine ipo Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913, ambako Donovan na wenzake wa Murumbi Trust waliipigania mpaka ikaonyeshwa. Donovan mwenyewe alifariki mwaka 2021.

Sasa lirudie lile sharti la Lillie Bliss. Wote wawili walitoa walichokipenda kwa imani. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba wosia wa Bliss ulipokelewa na watu waliokuwa wanakutana kila mara, wanaulizana, wanadaiana. Ndoto ya Murumbi iliachiwa ofisi, na ofisi hubadilisha watu. Anayekuja kesho anakuta faili, hakuti mapenzi. Tazama kilichookoa mkusanyiko ule: marafiki.

Dar es Salaam, na ng'ambo ya Tunduma

Na sisi tumeshaonja. Mwaka 1972 mtawa Mmarekani, Sista Jean Pruitt, alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam. Mwaka 1983 ikapata jengo lake zuri lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere. George Lilanga, ambaye kazi zake zimefika Ulaya, Marekani hadi Japani, alianzia pale akiwa mlinzi. Hebu pata picha, mlinzi wa geti anakuwa jina la dunia! Leo jengo lile halipo tena. Lilikuwa na wafadhili, lilikuwa na wasanii hodari, na wateja wa kigeni walikuwepo. Sitaki kujifanya najua kila kilicholiangusha. Ila najiuliza: lingekuwa na Watanzania 500 wenye kadi za uanachama mfukoni, si wangalau tungesikia kelele?

Upande wa pili wa mpaka, ukivuka Nakonde na kuteremka hadi Lusaka, mchoraji Cynthia Zukas, mke wa mpigania uhuru Simon Zukas, aliongoza kuanzishwa kwa Lechwe Trust mwaka 1986. Kazi yao ni kununua kazi za wasanii wa Zambia ili zibaki nyumbani na watoto wao wazione. Hawakusubiri jumba la fahari. Walianza na kununua picha.

Na sisi wa Vwawa?

Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 na makao makuu ni hapa hapa Vwawa. Fahari yetu kubwa ni kimondo cha Mbozi kule Ndolezi, chuma cha tani nyingi kilichodondoka kutoka angani. Kimondo hakikuhitaji kamati kwa muda mrefu, kilijilinda kwa uzito wake. Nani angekibeba? Lakini mchoro wa turubai hauna uzito huo. Mchwa anauweza, mvua inauweza, na mnunuzi anayepita kwenda Zambia anaukunja anaweka ndani ya gari. Kizazi kijacho kitajuaje kijana wa Mbozi alivyoiona kahawa ikiiva, au foleni ya malori Tunduma usiku?

Rafiki yangu mmoja nilipomweleza haya aliniambia, "Dada, shule hazina madawati wewe unaongelea picha?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba hela ya dawati haikuwa inasubiri picha. Hela hiyo hiyo tunayoisema ilikuwa inasubiri sare ya kitenge ya harusi ijayo, ambayo utaivaa mara moja.

Basi kama wewe na mwenzio mmeguswa, anzeni hivi:

Tafuteni wenzenu, msitafute tajiri. Wanandoa 20 wakitoa shilingi 10,000 kwa mwezi, ni laki mbili kila mwezi na milioni 2.4 kwa mwaka. Ndani ya miaka mitano ni milioni 12. Hiyo ni harusi moja ya kawaida tu, jamani.

Wekeni katiba na msajiliwe. Msajili wa Jumuiya yupo kwa ajili hiyo. Mweka hazina awe mtu wa risiti, si mtu wa maneno matamu.

Gawanyeni fungu mapema. Sehemu inunue kazi za wasanii wa hapa, sehemu ilale benki kwa ajili ya kuzitunza. Hapo mtakuwa mmetimiza sharti la Bliss.

Andikeni kila kitu. Nani alichora, lini, mlinunua kwa bei gani. Picha isiyo na maandishi ni yatima.

Anzieni ukuta wa kuazima. Maktaba, ukumbi wa shule, hata mgahawa wa rafiki. Jengo litakuja likikuta watu wapo.

Na kama mumeo au mkeo anabisha, usigombane naye. Mpeleke akaone msanii anavyofanya kazi, mwache aulize maswali, umpe muda. John wa Abby alichukua miaka.

Kuna raha ya kuchanga na kula siku hiyo hiyo, na siikatai, kadi yangu ya Jumamosi ninayo. Lakini kuna raha nyingine ya kupita na mtoto wako mbele ya ukuta miaka ishirini baadaye, ukamwambia, "Ile pale, mimi na mama yako tulichangia." Usiku wa leo mkishamaliza kula, muulize mwenzio: ungependa ukuta ule uwe na picha gani?

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.