Injini Mbili, Hadhari Maradufu

Ndugu msomaji, kuunda ndege ya mfano na kuirusha kwa redio ni miongoni mwa michezo imkutanishayo mzazi na mwanawe kwenye meza moja. Aliyeizoea ndege ya injini moja huitamani ya injini mbili, mathalani mfano wa Dakota, ndege iliyoruka mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1935, na ambayo baadaye Shirika la Ndege la Afrika Mashariki liliitumia kubebea abiria. Tamaa hiyo si mbaya. Yafaa tu kufahamu kuwa injini ya pili huja na mashaka yake.

Injini moja ikizimika angani, iliyo hai huendelea kuvuta upande wake. Pua hugeukia upande wa injini iliyokufa, ubawa wa upande huo huinama, na mwendo ukiwa mdogo ndege hupinduka kabla mrushaji hajatambua ni injini ipi iliyozimika. Kazi ya miezi huishia hapo, na ole wake aliyesimama chini.

Ndipo wengi wanapokimbilia jairo. Chombo hiki kidogo huhisi ndege inapogeuka bila kuamriwa, kikaupeleka usukani wa mkiani upande wa pili upesi kuliko kidole cha binadamu. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1914, karibu na Paris, Mmarekani Lawrence Sperry aliinua mikono yake juu huku ndege ikitulizwa na jairo na fundi akitembea juu ya ubawa. Hata hivyo, usukani hupata nguvu zake katika upepo unaoupitia. Mwendo ukipungua mno, jairo haina la kufanya. Dawa ni ile ya zamani: punguza moto wa injini iliyo hai, shusha pua upate mwendo, kisha utue.

Wengine huongeza kipokezi cha pili cha redio, kila kimoja na betri yake. Kimoja huongoza vibao vya upande wa kushoto, cha pili vya kulia. Kimoja kikifa, nusu iliyosalia mara nyingi yatosha kuirejesha ndege. Kosa huja pale kila kipokezi kinapopewa injini yake. Kimoja kikipoteza mawimbi, injini yake hushuka moto kama ilivyotegwa, nyingine huendelea kunguruma, na balaa lile lile huzuka. Heri injini zote mbili ziwe chini ya kipokezi kimoja, zipande na kushuka pamoja.

Kabla ya kuruka, injini zikiwa zimezimwa, mkabidhi mwanao ukaguzi. Aigeuze pua kwa mkono kuelekea kushoto. Usukani sharti uende kulia. Ukienda kushoto, jairo imetegwa kinyume, nayo itaharakisha anguko. Kisha azime kipokezi kimoja, mtazame ni vibao vipi bado vinatii. Halafu azime cha pili peke yake. Jambo lolote lisipoeleweka, ndege na ibaki chini.

Na mtoto akisema, "Leo tusirushe," msikilize hata kama marafiki wanangoja uwanjani. Ubawa uliovunjika huungwa kwa gundi. Jicho la mtoto wa jirani haliungwi.

Hadi Jumapili ijayo.