Usichague chura kwa rangi yake

Msomaji wetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa ambaye sasa anaishi na jamaa yake Ujerumani, ametuletea swali lisilo la kawaida katika ukurasa huu uliozoea kuku, paka na sungura. Bintiye wa miaka 12 amepata tangi la kioo la sentimita 45 kila upande, amelipanda mimea ndani, na sasa anataka vyura wa mshale: mmoja wa buluu, mmoja wa manjano na mmoja mwekundu. Baba anauliza mambo mawili. Je, vyura hao hawatamdhuru mtoto? Na je, wataweza kuishi pamoja?

Jina lao ndilo linalotisha. Huko Colombia, upande wa bahari ya Pasifiki, wawindaji wa kabila la Embera walikuwa wakisugua ncha za vishale vyao mgongoni mwa chura wa dhahabu, Phyllobates terribilis. Lakini vyura hawa hawaitengenezi sumu hiyo wenyewe. Huikusanya kutoka kwa vidudu wanavyokula msituni. Aliyezaliwa tangini na kulelewa kwa nzi wa matunda hana sumu ya kumwogopesha mzazi. Hata hivyo binti asimshike, maana chumvi na mafuta ya kiganja huidhuru ngozi yake laini. Huyu ni mnyama wa kutazamwa, kama samaki.

Kuhusu swali la pili, jibu ni hapana. Tangi la sentimita 45 ni la aina moja tu, na ni heri kumweleza mtoto sasa kuliko kumfuta machozi baadaye.

Tuanze na yule wa buluu, kwa kuwa ndiye anayewapumbaza wengi. Kwao ni kusini mwa Suriname. Zamani alihesabiwa kuwa aina ya peke yake, lakini siku hizi wataalamu humweka pamoja na Dendrobates tinctorius. Ni mkubwa kuliko wenzake wengi, sentimita 4 hadi 5, na ni jasiri. Kasoro iko kwa majike. Sisi husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa tinctorius methali hiyo ni ya majike. Mwenye nguvu humpanda mwenzake, humkandamiza na kumfukuza penye chakula. Hutaona damu hata tone. Utaona tu kwamba mmoja anajificha kila siku na kukonda hadi mifupa ya kiuno inatokeza, kisha asubuhi moja umkute amekufa. Tena wanapouzwa wakiwa wadogo ni vigumu kujua yupi dume na yupi jike. Anayewataka anunue dume na jike waliokomaa na kuthibitishwa, wawili basi.

Mwekundu, Oophaga pumilio wa Costa Rica na Panama, ni mama wa ajabu. Huwabeba viluwiluwi wake mgongoni, mmoja mmoja, hadi kwenye maji yaliyotuama katikati ya majani ya mimea, kisha huwarudia kuwalisha mayai yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo mfugaji hawezi kuwalea kwa mkono kwa urahisi, na wengi walioingia sokoni walitekwa msituni. Huyu si wa mwanafunzi.

Kuna kijani na cheusi, Dendrobates auratus, ambaye mwaka 1932 alipelekwa Hawaii ili ale mbu. Ni mpole na mvumilivu, ila ana haya, na mtoto anaweza kukaa wiki nzima akitazama majani matupu. Ranitomeya imitator wa Peru, wa sentimita 2 hivi, angelitosha vizuri tangi hili akiwa na mwenzake, lakini hutaka chakula kidogo mno.

Basi uchaguzi wangu ni yule wa manjano mwenye mikanda myeusi, Dendrobates leucomelas, ambaye kwao ni Venezuela na nchi jirani. Hutembea mchana mbele ya macho ya watu, huvumilia wenzake, na dume huimba kama ndege. Watatu wanatosha. Na wakitunzwa wanaweza kuishi zaidi ya miaka 10, kwa hivyo baba ajiulize nani atabaki nao binti akienda chuo.

Muuzaji aulizwe walizaliwa wapi, na atoe karatasi. Biashara ya vyura hawa imedhibitiwa na mkataba wa CITES tangu 1987, na bado wako wanaowaiba misituni. Jambo jingine ni maradhi. Kuvu aliyeangamiza vyura katika mabara kadhaa alielezwa na wataalamu mwaka 1999, baada ya kupatikana kwa chura wa buluu aliyekuwa akifugwa katika bustani ya wanyama ya Washington. Kwa hiyo vyura wa wauzaji tofauti wasichanganywe, na maji ya tangi yasimwagwe bustanini.

Joto liwe nyuzi 22 hadi 26. Likipita 29 ni hatari, nayo nyumba ya chini ya paa huko Ulaya hufika hapo upesi mwezi wa Julai. Tangi lisikae dirishani penye jua. Mimea ya jamii ya nanasi inafaa sana, ila ioshwe dawa zote, iachwe ishike mizizi kama mwezi mmoja, na chini yatandazwe majani makavu.

Mwezi huo binti asikae bure. Aanze kuzalisha nzi wa matunda wasioruka, maana chura hula wadudu walio hai tu, na nzi hao hunyunyiziwa unga wa chokaa na vitamini unaouzwa kwa ajili hiyo. Nzi wakimshinda, vyura wangoje.