Tovuti ya Chama Chuoni: Nani Ashike Ufunguo?

Wahenga wametuachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu tumezoea kumwambia mweka hazina. Siku hizi hatuna budi kumwambia katibu pia. Vyama vya masomo na vya michezo katika vyuo vyetu vya ualimu huweka kumbukumbu za mikutano, orodha za wanachama na ratiba za shughuli katika tovuti. Jambo hili twaliunga mkono. Tunalolitilia shaka ni namna linavyoendeshwa.

Mara nyingi mlezi wa chama humtafuta mwanachuo mmoja hodari wa kompyuta, akamwachia kila kitu. Kijana huyo huifungua tovuti kwa anwani yake mwenyewe ya barua pepe, na nywila huijua peke yake. Kisha huhitimu, akaenda zake. Katika chuo kimoja tulichopata kufundisha, viongozi wapya waliikuta kalenda ya mwaka uliopita ingali ikionekana, nao hawakuweza kubadilisha hata tarehe moja. Hatari haiishii hapo. Mwaka 2023 kampuni ya Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa muda wa miaka 2 yaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Chama kilichohifadhi nyaraka zake katika akaunti ya mtu aliyekwisha kuondoka kimejenga juu ya kiwanja cha mwingine.

Baadhi ya wenzetu watasema: basi mkufunzi na azishike funguo zote. Hatukubaliani nao. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya shule yao. Tena mwanachuo wa leo ndiye mwalimu wa kesho, atakayekabidhiwa majina, alama na habari za afya za watoto wa watu. Asipojifunza kutunza siri za chama chenye wanachama arobaini, atazitunzaje za shule nzima? Nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mwalimu hawezi kujitetea kwa kusema kwamba hakufundishwa.

Kwa hiyo twapendekeza kazi hii ifanywe somo la vitendo, kwa hatua nne.

Kwanza, wanachuo wazigawe nyaraka zao wenyewe, wakijadili sababu: zipi ni za watu wote, zipi za wanachama, na zipi za viongozi tu. Katiba ya chama haina siri. Orodha ya namba za simu inayo. Hapa ndipo pa kuwasahihisha wanaodhani kwamba anwani inayoanza kwa https imemaliza kazi. Hiyo huzificha habari zikiwa safarini tu. Waraka ulioruhusiwa kufunguliwa na yeyote mwenye kiungo utafunguliwa na yeyote aliyetumiwa kiungo hicho, awe mwanachama au mpita njia.

Pili, ruhusa itolewe kwa cheo. Chama kiwe na anwani yake ya barua pepe, na wasimamizi wasipungue wawili, mmoja wao akiwa mlezi. Kila mmoja aingie kwa nywila yake, na kwa wasimamizi uwekwe uthibitisho wa hatua mbili, ili mwenye kuiba nywila peke yake asifue dafu.

Tatu, kalenda iwe moja. Utaratibu wa iCalendar, uliotolewa mwaka 1998, huwezesha tarehe zilizoandikwa mahali pamoja kusomwa katika simu za wanachama wote. Basi katibu aandike mara moja, na wengine wasome. Penye kalenda tatu, mkutano hukosa akidi na kila mtu hujiona ana haki.

Nne, ambayo kwetu ndiyo kubwa, yawepo makabidhiano. Mwisho wa mwaka viongozi wa zamani na wapya wakae pamoja mbele ya mlezi: ruhusa za wanaoondoka zifutwe, nakala ya nyaraka ihifadhiwe mahali pengine, na tarehe ya kulipia jina la tovuti iandikwe katika kalenda. Mlezi asiguse kompyuta. Aulize maswali tu.

Somo hili halihitaji mitambo ya gharama. Hata chuo chenye kompyuta chache chaweza kuanza kwa karatasi, kwa kuchora jedwali la nyaraka na vyeo. Mwanachuo aliyewahi kuuliza, “Waraka huu nani ausome, na kwa nini?” amekwisha kujifunza jambo ambalo hakuna mashine itakayomfundisha. Nasi tulio walezi tuanze kwa kujiuliza: iwapo katibu wa chama chetu ataondoka kesho, nani ataufungua mlango?