Runinga Ikijizima, Usiizibe Mdomo

Kuna mtindo mmoja wa kutengeneza runinga za zamani, zile za mgongo mrefu na kioo kizito, ambao mimi siukubali hata kidogo. Unaiwasha, inalia "tsss" kwa sekunde moja, kisha inajizima. Fundi anaifungua, anatafuta rezista inayopeleka ishara ya kinga, anaikata. Picha inarudi. Mteja analipa na kubeba mzigo wake nyumbani.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na kwetu mtindo huu tunaujua sana: mtu anafuta ujumbe wa kosa badala ya kurekebisha kosa lenyewe. Tofauti ni kwamba hapa kuna volti 25,000.

Hebu tuone mambo yanavyokwenda. Tyubu ya picha ya runinga ya rangi huhitaji volti kama 20,000 hadi 30,000. Hizi hutoka kwenye flaibaki, trasfoma inayosukumwa na transista ya mlalo mara 15,625 kwa sekunde katika mfumo wa PAL. Transista yenyewe hulishwa volti mia moja na ushee tu, ambazo mafundi huziita B+. Saketi ya kinga huchungulia mapigo ya flaibaki; yakizidi kiasi, inazima.

Kwa nini? Elektroni zikigonga kwa nguvu kupita kiasi hutoa eksirei. Kioo cha tyubu huzizuia, lakini volti zikipanda, zinazopenya huongezeka upesi. Mwaka 1967 ilibainika Marekani kwamba baadhi ya runinga za rangi za General Electric zilitoa eksirei kupita kiasi, na mwaka 1968 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya elektroniki. Kwa hiyo kinga haikuwekwa pale kumsumbua fundi.

Njia nzuri ni kugawanya tatizo. Toa transista ya mlalo, funga balbu ya waya ya wati 60 kati ya B+ na grandi, upime. Kama B+ ilipaswa kuwa 115 na mita inasoma 150, ugonjwa uko kwenye pawa, mara nyingi kapasita iliyokauka. B+ ikiwa sawa, usikimbilie kununua flaibaki. Angalia kwanza ile kapasita ndogo karibu na transista, iliyoandikwa volti 1,600 au 2,000. Uwezo wake ukishuka, mapigo huwa mafupi na makali zaidi, na volti za juu hupanda. Weka nyingine ya kipimo kilekile na volti zilezile. Hayo yakiwa safi, ndipo ushuku kwamba kinga yenyewe inadanganya.

Ila kama hujafunzwa, usifungue. Tyubu hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi, na kapasita kubwa ya pawa hushika volti zaidi ya 300. Tena mita ya kawaida huishia volti 1,000, usiipeleke kwenye flaibaki.

Najua fundi atasema nini: mteja ana shilingi mia tano na anataka taarifa ya saa moja leo hii. Ni kweli. Tangu matangazo ya analogi yazimwe Kenya mwaka 2015, runinga hizi zinaishi kwa king'amuzi, na si wengi watakaozitolea pesa nyingi. Lakini kapasita ni bei rahisi kuliko flaibaki. Ukikata kinga na volti zikabaki juu, kesho transista inaungua au flaibaki inatoboka na kuanza kurusha cheche, na wanaokaa karibu zaidi na skrini ni watoto.

Kwa hiyo fundi akikuambia "iko sawa sasa," muulize swali moja tu: ilikuwa inajizima kwa nini? Asipokuwa na jibu, bado haijatengenezwa.