Mali Bila Daftari: Nani Anahesabu Samaki Wetu?



Najua wengi wenu mkifungua ukurasa huu mnatafuta habari za Katiba mpya na tume huru. Hizo zipo na zitaendelea kuwepo. Leo naomba dakika chache tuzungumze samaki. Msicheke. Mkimaliza kusoma mtaniambia kama hii si siasa.

Mimi ni mtoto wa Kilwa. Babu yangu alikuwa mvuvi, baba ni mvuvi mpaka leo, na mimi ndiye wa kwanza nyumbani kuisomea bahari darasani. Nina shahada ya mambo ya uvuvi na viumbe vya majini. Kwa sasa naendesha bodaboda hapa Mbagala, na sioni aibu kusema hivyo, maana tupo wengi.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani. Mtoto wa baba mdogo yuko kwenye kikundi cha vijana kilichopata boti ya faiba kwa mkopo. Boti nzuri, injini mpya. Nikampongeza. Akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Kaka, boti tunayo. Samaki wako wapi?" Akanieleza kwamba wanaondoka alfajiri, wanazunguka wakibahatisha, wanarudi na kibua wa kitoweo na deni la mafuta. Rejesho la mkopo linawasubiri pale pale. Kisha akanipiga swali ambalo halijanitoka kichwani: "Wewe si ndiye uliyesomea? Tuambie basi."

Nikakosa jibu. Nimekuja kulitafuta hapa.

Kwanza niweke jambo moja sawa. Sijaja kubeza boti. Mwaka 2024 kule Mwanza Rais alikabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo usio na riba, na ipo pia ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kijana mwenzetu akipata chombo, hilo ni jambo jema, hata kama aliyempa si chama chetu. Tusiwe watu wa kupinga mpaka mvua.

Hoja yangu ni nyingine. Boti inapigwa picha. Boti inakatiwa utepe. Mtu wa utafiti akikaa miezi sita kwenye diko anapima urefu wa samaki mmoja mmoja na kuandika kwenye daftari, hakuna mheshimiwa atakayekuja na msafara kumkatia utepe. Ndiyo maana hela ya kuvulia inatangazwa kwa vifijo, na hela ya kujua kilichopo majini inatafutwa kwa tochi.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Sasa tuangalie mali yenyewe.

Tuna pwani ya zaidi ya kilomita 1,400 kutoka mpaka wa Kenya hadi Msumbiji. Eneo letu la uchumi wa bahari ni kama kilomita za mraba 223,000. Nusu nzima ya Ziwa Victoria iko upande wetu. Kuna Tanganyika, kuna Nyasa. Na pamoja na maji yote hayo, uvuvi unachangia chini ya asilimia 2 ya Pato la Taifa. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa vijana hawana zana. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba zana bila taarifa ni kumpa mtu panga akalime usiku.

Na taarifa ikikosekana, gharama yake analipa mvuvi. Nitoe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni kamba wa Rufiji na Bagamoyo. Miaka mingi meli za kukokota nyavu zilikuwa zinavuna kamba kwa leseni halali za serikali. Ada zinalipwa, mzigo unakwenda nje. Mwisho wa mwaka 2007 ikabidi uvuvi ule usimamishwe kwa sababu kamba walikuwa wameporomoka. Leseni zilihesabiwa vizuri sana kila mwaka. Kwa kamba, breki zilikuja kukanyagwa wakati wameshapungua.

Mfano wa pili ni Operesheni Sangara ya mwaka 2018 Ziwa Victoria. Nyavu zilichomwa moto mbele ya macho ya wenyewe. Sitetei nyavu haramu, kokoro linamaliza hata mayai. Lakini kanuni ya tundu la nyavu na urefu wa samaki anayeruhusiwa ni kanuni inayopaswa kutoka kwenye utafiti, na utafiti huo unapaswa kumfikia mvuvi kabla ya kiberiti. Wangapi walielezwa, kwa Kiswahili, kwa nini kipimo ni hiki na si kile?

Mfano wa tatu ni Ziwa Tanganyika. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ziwa lilifungwa ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi jirani tunazochangia nazo ziwa. Wazo lenyewe silipingi, bahari na ziwa vinahitaji kupumzika. Ila fikiria familia ya Kigoma au Rukwa inayokaa miezi mitatu bila kuingia majini. Watu hao wana haki ya kuuliza: je, imesaidia? Ili uwajibu, lazima uwe umehesabu kabla ya kufunga na uhesabu tena baada ya kufungua, mwaka baada ya mwaka. Hiyo inataka mafuta ya boti, vipimo, maabara, na vijana wenye daftari. Inataka hela.

Sasa nani anahesabu?

Kwa Bara kuna TAFIRI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980. Zanzibar kuna ZAFIRI, na kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Unguja tangu 1978. Ndani ya nyumba hizi kuna watu wanaofanya kazi kubwa kwa kidogo walichonacho, na tusiwachanganye na wanasiasa. Mama zetu wanaolima mwani wanajua. Maji yalipozidi joto ufukweni, mwani wa cottonii, wenye bei nzuri, ukaanza kufa, wakabaki na spinosum wa bei ya chini. Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, ni mmoja wa waliokwenda kukaa na wanawake wale, wakajaribu kilimo cha kwenye maji ya kina kirefu kwa nyavu za mfano wa mrija, na kuuongezea mwani thamani kwa sabuni na bidhaa nyingine. Huo ndio utafiti ninaousema, unaoanza na swali la mkulima na kurudi kwake.

Lakini hebu tazama hela inatoka wapi. Mwaka 1982 na 1983 meli ya utafiti ya Norway, Dr. Fridtjof Nansen, ilizunguka maji yetu kupima samaki. Mwaka 2018 ikaja meli nyingine mpya yenye jina lile lile, ikapima tena. Tunawashukuru Wanorway, wala sina ugomvi nao. Ila kijana aliyezaliwa wakati wa safari ile ya kwanza alikuwa na umri wa miaka 35 wakati wa hii ya 2018, na bado tulikuwa tunasubiri chombo cha watu kitwambie kilichomo kwenye maji yetu wenyewe.

Mwaka 2015 Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 36 kwa ajili ya Tanzania katika mradi wa SWIOFish wa kusimamia uvuvi wa ukanda huu. Sehemu kubwa ni mkopo, maana yake tutaulipa mimi na wewe. Pale Zanzibar ndipo yalipo makao ya WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambayo imesomesha na kufadhili watafiti wengi wa kwetu. Na sehemu kubwa ya hela ya ruzuku zake kwa miaka mingi imetoka Sweden.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mfadhili ana haki ya kuchagua anachotaka kukijua. Leo anataka kujua matumbawe, kesho hewa ya ukaa, na yote ni muhimu. Lakini swali la mtoto wa baba mdogo kuhusu kibua wa Kilwa, nani analifadhili? Mradi ukiisha, gari linaegeshwa, boti inatolewa majini, na daftari linafungwa. Samaki hawajui kwamba mradi umeisha.

Serikali itasema mfuko upo. Kweli, tunayo COSTECH pale Kijitonyama, mpaka kituo cha daladala kinaitwa Sayansi, na kuna Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia. Mwaka 2006 kule Khartoum nchi za Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na ahadi hiyo imerudiwa majukwaani mara nyingi. Wenzetu Kenya waliandika asilimia 2 ndani ya sheria yao ya sayansi ya mwaka 2013. Na wao utekelezaji unawasumbua, lakini angalau mwananchi wao ana kifungu cha kuwashikia. Sisi tuna hotuba.

Nami nimejaribu. Kuna mwaka niliona tangazo la ruzuku ya utafiti wa bahari kutoka ofisi moja ya umma, nikafurahi kweli. Nikasoma masharti. Mtafiti mkuu awe na shahada ya uzamivu. Awe na taasisi ya kumdhamini. Andiko liwe la Kiingereza. Na tangazo nililiona zikiwa zimebaki siku tisa. Nikapiga simu kuuliza kama kikundi cha vijana na BMU ya kijiji wanaweza kuomba wakiwa na mtaalamu. Nikajibiwa, "Subirini awamu ijayo." Awamu hiyo sijaisikia hadi leo. Sitaki kusema kuna mtu alinionea. Ninachosema ni kwamba mlango ule ulijengwa bila kutufikiria.

Wapo watakaosema: nchi ina zahanati zisizo na dawa, wewe unaleta habari za kupima samaki? Nawaelewa. Ila kupima samaki ndiko kunakomwezesha mvuvi kununua dawa. Jodari wa bahari kuu, anayevuliwa na meli za nje kwa leseni, tutamuuza kwa bei gani kama hatujui yupo kiasi gani? Ukiingia sokoni hujui una magunia mangapi, mnunuzi ndiye atakayekwambia.

Na hapa tujitazame na sisi wenyewe wapinzani. Kwenye mikutano yetu tukifika mwaloni tunaahidi nini? Boti na nyavu. Tumeingia kwenye mashindano ya nani atagawa boti nyingi zaidi, na mashindano hayo aliyeko serikalini atayashinda kila siku kwa sababu funguo za hazina anazo yeye. Tuje na kitu tofauti.

Mimi napendekeza mambo manne, na naomba Ngome ya Vijana iyabebe.

Moja, kila bajeti ya uvuvi ikisomwa Dodoma, tudai takwimu mbili kwa kila taasisi ya utafiti: iliyotengewa na iliyopewa. Kutengewa si kupewa.

Mbili, sehemu ya ada za leseni, za bahari kuu na za maziwa, itengwe kisheria iende moja kwa moja kwenye kuhesabu samaki. Anayevuna alipie daftari.

Tatu, ruzuku za utafiti ziwe na dirisha la vijana na vikundi vya BMU, fomu za Kiswahili, muda wa kutosha, na majina ya waliopata yatangazwe hadharani pamoja na kiasi. Tuna vijana waliosoma Mbegani, Nyegezi na Kunduchi wako mtaani. Wapeni mizani na daftari, muone.

Nne, matokeo yarudi ufukweni. Hakuna kanuni mpya ya nyavu wala kufunga eneo bila mtafiti kusimama mbele ya wavuvi na kueleza kwa lugha yao alichokiona na atakavyopima kama hatua hiyo imefanya kazi.

Kazi ya nyumbani ni ndogo. Wewe uliyeko Mafia, Ukerewe, Pemba, Kyela au Kigoma, nenda kwa diwani au mbunge wako, wa chama chochote, umuulize swali moja tu: mwaka jana ni shilingi ngapi zilitumika kujua kilichomo majini hapa kwetu? Akijibu, andika. Akishindwa, andika pia. Tuletee hapa, tutakusanya majibu.

Nitarudi Kilwa kabla ya kusi kuanza. Najua ndugu yangu ataniuliza tena. Kwa sasa nitamwambia ukweli, kwamba samaki wake hajahesabiwa, na kwamba nimeanza kuuliza ni kwa nini.

Mapambano yanaendelea.