Dhamana isiyojua programu

Mhariri,

Kishikwambi cha binti yangu kilipokea sasisho usiku kikiwa kwenye chaji. Asubuhi kikawa kinaonyesha nembo, kinazima, kinawaka, nembo tena. Fundi wa kwanza alitaka kukifuta chote, na masomo yote ya mtoto yaende na maji. Nilikataa. Kijana mwingine alikizima, akabonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwashia na cha kuongeza sauti, menyu ya uokoaji ikajitokeza, akafuta kumbukumbu za muda tu. Kikawaka. (Si kila kifaa kinakubali hivyo.)

Kinachonikera ni muuzaji, aliyesema dhamana haihusu “mambo ya programu”. Mbona programu yenyewe imeletwa na mtengenezaji? Italia mwaka 2018 ilizitoza faini Apple yuro milioni 10 na Samsung milioni 5, katika mashauri ya masasisho yaliyozorotesha simu za wateja. Hapa Tanzania tunayo Tume ya Ushindani, na kumlinda mlaji ni kazi yake. Itamke wazi: sasisho ni sehemu ya bidhaa au la? Jibu liandikwe kwenye karatasi ya dhamana, tulisome kabla ya kulipa.

Msomaji,
Morogoro