Asiyeifundisha Mashine Haimfundishi

Wenzangu walimu, wako kati yetu wasemao ya kuwa kikokotoo chenye programu kimeua akili za wanafunzi wa fizikia, na dawa yake ni kukipiga marufuku. Wako na wengine wamgawiao kila mwanafunzi programu iliyo tayari, naye hutia tarakimu, hubonyeza, hunakili jibu, kisha husifiwa. Pande zote mbili zimekosa, na kosa lao ni moja: hudhani ya kuwa programu ni kitu cha kupewa.

Tazameni mambo yalivyokuwa Marekani. Mwaka 1990 kampuni ya Texas Instruments ilitoa kikokotoo cha TI-81 kwa ajili ya shule. Hakikuwa na tundu la waya. Aliyetaka programu hakuwa na budi kuiandika alama kwa alama kwa kidole chake. Mwaka 1992 kikaja TI-85 chenye tundu hilo, na programu ikaweza kupita toka kikokotoo hiki hata kile kwa muda mchache. Faida ilikuwako, walakini mlango wa uvivu nao ulifunguka: kazi ya mmoja yaweza kuwa jibu la darasa zima, na aliyejifunza ni yule mmoja tu.

Twaeni kanuni ya nishati ya mwendo: nusu ya tungamo, mara kasi, mara kasi tena. Gari la kilo 1,000 liendalo kilomita 36 kwa saa lina kasi ya mita 10 kwa sekunde. Nishati yake ni jouli 50,000. Aliyepewa programu hutia 36, na mashine humjibu 648,000 bila haya. Haimwulizi wala haimkemei, naye hashtuki, maana hajui ndani mna nini. Bali aliyeiandika mwenyewe amekwisha kujiuliza: nitie nini kwanza? Kwa kipimo gani? Kipi huzidishwa kwa nafsi yake? Maswali hayo ndiyo fizikia.

Nanyi mpigao marufuku, mwacheni huyo atie 10, kisha 20, kisha 30. Ataona 50,000, kisha 200,000, kisha 450,000, naye atafahamu mara moja kwa nini gari likizidisha kasi mara mbili, madhara ya kugonga huzidi sana kuliko mara mbili. Kwa kalamu peke yake, kipindi kingekwisha katika kuzidisha.

Mtasema muda hautoshi. Programu hiyo ni mistari minne: pokea tungamo, pokea kasi, kokotoa, onyesha jibu. Je, hiyo nayo ni kazi ya mwezi?

Basi na iwe desturi: mwanafunzi akokotoe kwanza kwa kalamu, kisha aandike programu, kisha aipime kwa jibu alilolipata kwa mkono. Asiyeweza kueleza kila mstari, na aifute aanze tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tusiwainamie wanafunzi wetu.